Kasha Zima Lililonyamaza

Ukitaka kumjua Mwalimu wa Kwaya, usianze na uso, anza na masikio. Yalikuwa makubwa na yameelekea mbele kidogo, kana kwamba yalizaliwa yakiwa na haraka kuliko mwenye nayo. Alipotaka kusikiliza kitu sawasawa alifumba macho na kuinamisha kichwa upande wa kushoto, kama mtu anayetoa maji sikioni baada ya kuoga. Alisikiliza hivyo kwaya, alisikiliza hivyo mahubiri, alisikiliza hivyo hata mashine ya kusaga iliyo nyuma ya soko letu hapa Mpanda. Siku moja alimwambia mwenye mashine, “Mkanda wako umelegea, unashuka sauti.” Mwenye mashine akacheka. Kesho yake mkanda ulikatika na sisi wote tukarudi nyumbani na mahindi yetu mazima kwenye ndoo.

Yeye alifundisha kwaya ya parokia, mimi nilikuwa katekista. Kazi yangu ilikuwa maneno, yake sauti, na tulikaa jirani kwa miaka mingi tukitenganishwa na ua wa minyaa tu. Mapadre walikuja na kuondoka, wote wakimwita Mwalimu, nami sitamwita vingine hapa. Tangu yeye na mkewe wahamie Dar es Salaam kwa binti yao, upande wa pili wa minyaa kuna ukimya ambao sijauzoea. Nimemshukuru Mungu kwa mambo mengi maishani, lakini sikuwahi kufikiri kwamba ningemshukuru kwa kelele.

Mfukoni mwa shati, upande wa moyo, Mwalimu aliweka vitu viwili: rozari na kijichuma chenye meno mawili, mfano wa uma wa kulia, alichopewa na padre mmoja wa zamani. Ukikigonga kwenye goti kinatoa sauti moja nyembamba isiyobadilika, masika wala kiangazi. Alikiita Shahidi. “Rozari ni ya kuniombea,” alisema, “na Shahidi ni wa kunisahihisha.” Kila wimbo kanisani ulianza kwa Shahidi kugongwa gotini, Mwalimu kukiweka karibu na sikio, kisha kuwapa waimbaji sauti zao moja moja kwa mdomo uliofungwa: hmm kwa soprano, hmm kwa alto, hmm kwa tenori, hmm kwa besi. Watoto wa katekisimu walikuwa wanamwigiza kwa vijiko. Nami niliwakemea huku nikiuma midomo nisicheke.

Katika sauti zote nne, aliipenda ya pili, alto. “Soprano inasikika yenyewe,” alikuwa anasema, “na besi inajilazimisha kusikika. Alto lazima uitafute. Ukiikosa alto, huo si wimbo, ni watu wanapiga kelele kwa pamoja.” Aliweza kusimamisha mazoezi ya misa ya Jumamosi Kuu kwa sababu alto mmoja amehamia soprano bila ruhusa. Watu walisema anaipenda alto kwa sababu Mama Mwalimu, mkewe, alikuwa alto. Alisimama mstari wa mbele, mfupi, kilemba kimenyooka, sauti yake imara kama mguu wa meza. Mwalimu alipoulizwa alikana. “Mimi nilimchagua kwa alto,” alisema. “Ndoa ilifuata baadaye.”

Besi walikuwa na maisha magumu. Walikuwa wanaume wakubwa wa kifua, wakulima, muuza nyama mmoja, na fundi mmoja wa matrekta. Waliimba jinsi walivyofanya kazi. Hapakupita zoezi bila Mwalimu kuinua kiganja cha kushoto na kukishusha taratibu kuelekea sakafuni. “Besi, punguzeni! Hamjaitwa kubomoa kanisa.” Watu waliyazoea maneno hayo kiasi kwamba mlevi akipiga kelele mtaani, wenzake walimwambia, “We besi, punguza.”

Na hapo ndipo penye kichekesho, maana Mwalimu mwenyewe alikuwa besi. Msimu wa mpunga ulipofika na wanaume wakaenda mashambani upande wa Usevya na Kasansa, mstari wa nyuma ulibaki mtupu, naye aliujaza peke yake huku mkono ukiendelea kupiga mapigo. Sauti ile ilikuwa inatoka chini ya sakafu. Ilikuwa inakufikia kwenye nyayo kabla ya kufika masikioni. Lakini aliitoa kidogo kidogo kama mtu anayegawa sukari mwisho wa mwezi, na wimbo ulipokwisha alifuta midomo kwa kitambaa kana kwamba amekula kitu asichotakiwa kula.

Kuna safari moja sitaisahau. Tulikuwa tumetoka Usevya kwenye sherehe ya kigango, kwaya nzima imepanda lori, kila mmoja na kifurushi chake cha mchele wa zawadi. Ndani ya hifadhi ya wanyama, barabara ikazibwa na tembo. Dereva akazima injini, akasema, “Jamani, hapa tunatulia.” Watu wakaanza kusali. Mwalimu yeye akaona amepata muda. Akagonga Shahidi gotini. “Alto,” akanong’ona, “ule mstari wa mwisho mliuharibu leo. Turudie, kwa kunong’ona.” Na kweli alto wakanong’ona wimbo, ndani ya lori, mbele ya tembo. Katikati ya mstari, tembo mmoja mkubwa akatoa mngurumo wa chini, mrefu, uliotikisa mbao tulizokalia.

Kisha muuza nyama akasema kutoka nyuma, taratibu kabisa, “Mwalimu, mwambie na huyo apunguze.”

Mama Mwalimu alicheka mpaka akashika mkono wa mwenzake ili asianguke. Mwalimu alimtazama kwa ukali. Lakini nilimwona, na ninaandika haya mbele ya Mungu, kwamba alikuwa ameinamisha kichwa kushoto na kufumba macho. Alikuwa anamsikiliza tembo.

Nyumbani kwao kila kitu kilivaa. Mama Mwalimu alikuwa anafuma vitambaa kwa sindano ya uzi, na hakuna kitu kilichokaa uchi sebuleni: viti, meza, televisheni, saa ya ukutani, hata chupa ya chai ilikuwa na sketi. Nilimwambia siku moja kwamba naogopa kukaa pale muda mrefu nisije nikafumiwa na mimi. Akanipima kichwa kwa macho, akasema, “Katekista, kwako uzi hautoshi.”

Mwalimu alikuwa mkali wa saa kuliko kengele ya kanisa. Mazoezi yalianza saa kumi kamili, na mlango ukafungwa. Lakini kwenye chakula cha nyumbani kwake hakuwahi kufika kikiwa cha moto. Alikuwa na subira na mwimbaji asiyejua kusoma noti hata mwaka mzima, na hakuwa na subira hata dakika moja na mbuzi. Mazoezini hakuruhusu mtu kuongea, na sheria hiyo haikuwa na ndugu. Siku moja alimtoa nje mkewe kwa sababu alinong’ona. Mama Mwalimu akachukua mkoba wake, akaenda nyumbani. Jioni Mwalimu alikuta mezani ugali wa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa ameshakula.

Walikuwa watu wa maneno machache wao kwa wao. Nadhani walikuwa wameimba pamoja muda mrefu hata maongezi yakawa kama marudio. Ndiyo maana lile kasha lilipoingia nyumbani liliwafaa sana.

Binti yao alilileta Krismasi moja kutoka Dar es Salaam. Lilikuwa kasha la kitambaa cha kijivu, lenye ukubwa wa mkate mkubwa na uzito wa jiwe la kusagia, spika na kila kitu humo humo ndani. Halikutumia kanda wala flashi. Lilivuta nyimbo kwenye mtandao. Binti alilipia bando, akaliunganisha, na kuanzia hapo kwaya za dunia nzima zikaanza kuingia kwenye nyumba ile kupitia ua wangu. Kila jioni saa kumi na mbili, baada ya sala, Mwalimu alikaa kiti cha kulia, Mama Mwalimu kiti cha kushoto na uzi wake mapajani, kasha katikati. Walisikiliza kwa saa moja bila kusema neno. Wimbo ukiisha Mwalimu aliguna. Mama naye akaguna. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, na nimeona ndoa zenye maneno mengi zisizokuwa na hata nusu ya hayo.

Mwalimu alikuwa na lawama moja tu juu ya kasha. “Lina besi nyingi kidogo,” alisema. “Lakini tunalivumilia.” Kulisaidia, alimwomba Mama afume kitambaa kizito, akakikunja mara mbili na kukitundika mbele ya spika. Jambo la ajabu ni kwamba kitambaa kile kilifuliwa mara nyingi kuliko nguo ya altare. Kila nikichungulia, kilikuwa kwenye kamba. “Kinashika vumbi,” alisema Mama Mwalimu. Kikawa kinachukua siku nyingi kukauka, hata kiangazi.

Kisha jioni moja kasha likakaa kimya.

Mwalimu alilipeleka kwa fundi wa redio karibu na stesheni. Fundi akalifungua, akalipima kila waya, akalifunga tena. “Mzee, hili ni zima kabisa,” akasema. “Limenyamaza tu.” Binti akapiga simu akaeleza: wenye kulitengeneza wameacha kulitengeneza, na wamezima kule lilikokuwa linachukulia nyimbo. Wameandika kwenye simu yake kwamba wanasikitika, na kwamba anunue jingine.

Mwalimu alikuja kwangu uani akiwa amelibeba kifuani.

“Katekista, wewe umesoma mambo ya roho. Kitu kizima kinakufaje?”

“Sikufundishwa hilo, Mwalimu.”

“Taa yake inawaka. Nimelitazama, linanitazama. Halina ugonjwa. Waliolizaa wameamua tu kwamba basi.”

Nilimwambia tumshukuru Mungu kwamba yeye aliyetuumba sisi hana tabia hiyo. Akafikiri. “Amina,” akasema, “lakini jioni nitasikiliza nini?”

Mwanzoni nilidhani swali ni hilo. Haikuwa hivyo. Alianza kutumia simu peke yake, ameiegemeza kwenye bakuli la udongo ili ipate nguvu, na sauti ikawa ya mbu aliyepata ubatizo. Jioni ya kwanza Mama Mwalimu alikaa kidogo, akainuka. “Naenda kuangalia maharage.” Jioni ya pili vile vile. Ya tatu hakukaa kabisa. Kiti cha kushoto kikabaki na kitambaa chake tu.

“Maharage gani hayo,” Mwalimu aliniuliza, “yanayotaka kuangaliwa kila jioni? Hata wagonjwa hawaangaliwi hivyo.”

Alikuwa anatania, lakini nilimjua. Alikuwa anakaa pale peke yake saa nzima kwa ajili ya heshima ya ratiba, na huku jikoni mkewe amekaa kwenye kigoda karibu na moto, mikono mapajani, hafumi. Nilikuwa nawaona wote wawili kupitia minyaa, kila mmoja na ukimya wake. Mama Mwalimu alikuwa amebadilika. Nikimsalimia kutoka uani, alikuwa ananipungia mkono tu. Nilidhani ana huzuni ya umri, nikamweka kwenye sala zangu.

Basi Mwalimu akaanza kazi ya kutafuta mrithi wa kasha. Aliifanya kama alivyofanya usaili wa kwaya: kila anayekuja anaimba, na wengi wanarudishwa.

Wa kwanza alitumwa na binti. Kilikuwa kikopo cha mviringo ambacho ukikiambia kwa sauti wimbo unaoutaka, kinapiga. Tatizo ni kwamba kilijua Kiingereza tu. Mwalimu alikaa mbele yake, amevaa shati safi. “Habari ya jioni,” akakiambia. “Tunaomba wimbo wa Majilio, wenye sauti nne, kama hautakuwa na shida.” Kikopo kikawasha taa, kikafikiri, kikatupa jibu refu la Kiingereza ambalo kwa ninavyoelewa lilihusu mvua. Nikamwambia Mwalimu ajaribu kukiamrisha badala ya kukiomba. Akakataa. “Siwezi kumfokea mgeni aliyetoka mbali.” Kikopo kikarudi Dar es Salaam na mtu wa basi.

Wa pili ilikuwa spika ndogo ya mkononi ya kuazima. Shahidi akagongwa, ikalinganishwa, Mwalimu akatikisa kichwa: “Soprano wamebanwa pua.” Wa tatu ilikuwa redio kubwa ya mpwa wake wa Kasekese. “Hii ina alto,” akasema kwa furaha, lakini kila mtu akipita na pikipiki nje ilikuwa inakoroma. Kila mmoja aliwekwa kwenye stuli katikati ya viti viwili. Kila mara Mama Mwalimu aliitwa aje asikilize. Alikuja, alisimama mlangoni, alisema, “Ni nzuri, Baba,” na akarudi kwenye maharage.

“Umeona?” Mwalimu aliniambia. “Haisikii alto. Alto ikiwa haipo mwanamke yule hakai. Maisha yake yote ni alto. Lazima nipate chombo ambacho alto inasikika wazi, kama amesimama mstari wa mbele. Nikimpatia sauti yake, atakaa.”

Nilimwombea apate. Nilikuwa nimemwelewa sasa: hakuwa anatafuta muziki.

Tukafika kwa Hajji, mwenye duka la vyombo vya umeme pale sokoni, ambaye upande wa pili wa duka anauza nyuzi, vitenge na sindano. Yeye na Mwalimu walikuwa watani wa siku nyingi. Tulikwenda watatu, maana Mama Mwalimu alitaka uzi mweupe.

“Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mama, shikamoo Katekista. Leo mmekuja kunibatiza?”

“Marahaba, Hajji. Maji hayatoshi kwa mtu mnene kama wewe. Nataka spika.”

“Spika ninazo. Unataka inayopiga?”

“Sitaki inayopiga. Nataka inayoimba.”

Hajji akamtazama. “Mzee, vijana wote wa Mpanda wanakuja hapa wananiambia, Hajji, nipe besi. Wewe unataka nini?”

“Alto.”

“Alto ndiyo kampuni gani?”

Mwalimu akafunga macho kwa uchungu. Nikaingilia kueleza, kwa maneno ya katekisimu, kwamba alto ni sauti ya pili ya wanawake. Hajji akasema kwake nyumbani hakuna sauti ya wanawake iliyo ya pili. Lakini alikuwa mtu wa kazi yake, akatoa kwenye rafu spika nyembamba, safi, yenye sauti kama glasi. Mwalimu akaishika simu, akaweka wimbo, akagonga Shahidi kwenye goti lake pale pale dukani, akainamisha kichwa. Nikaona uso wake unafunguka.

“Ipo,” akanong’ona. “Katekista, alto ipo. Sikia. Mama! Njoo usikie, tumeipata.”

Mama Mwalimu alikuwa upande wa nyuzi. Hakugeuka.

“Mama!”

Hakugeuka. Wakati huo huo akaingia kijana wa bodaboda, akataka kuonyeshwa sabufa iliyokuwa chini mlangoni, kitu kikubwa cheusi chenye mataa ya rangi kuzunguka midomo yake. Hajji, ambaye hakuwahi kumwacha mteja asubiri, akabonyeza. Wimbo wa dini wa kwaya fulani ya vijana ukaanza, na besi yake ikashuka sakafuni kama gunia la mahindi. Nyuzi zilitikisika kwenye rafu.

Mama Mwalimu akageuka.

Akaacha uzi kwenye kaunta, akaja polepole, akasimama mbele ya sabufa ile yenye mataa. Kisha akatazama nyuma yake, akaona gunia la sukari, akakaa. Akaweka mikono mapajani. Mimi sikuwa nimemwona akikaa hivyo tangu kasha linyamaze.

Mwalimu akasimama na ile spika nyembamba mkononi. “Mama, unafanya nini?”

Alisema kwa midomo zaidi kuliko kwa sauti, maana sabufa ilikuwa imemeza duka. Mama alimtazama midomo. “Nasikiliza,” akasema.

“Hiyo? Hiyo ni besi tupu!”

“Ndiyo.”

Hajji akapunguza sauti ili biashara isije ikaharibika. Mama akamwambia kwa upole arudishe kama ilivyokuwa, akarudisha nusu.

“Baba,” Mama Mwalimu akasema, na alisema kwa sauti kubwa kama wanavyosema watu ambao hawajisikii wenyewe, “alto mimi siisikii tena. Wala soprano. Zimekwenda. Hata jogoo wa Katekista simsikii, nasikia tu watu wakimlalamikia. Kilichobaki ni besi.”

Kijana wa bodaboda alitoka nje akajifanya anaangalia tairi.

“Tangu lini?” Mwalimu akauliza. Ilibidi auinamie uso wake.

“Tangu kasha likiwa jipya. Lile lilikuwa na besi nzuri. Ulipoliziba na kitambaa ndipo ilipopungua.”

Nikakumbuka kitambaa kile kwenye kamba, kikikauka wiki nzima juani. Nikaona na Mwalimu amekumbuka.

“Mbona hukusema?”

“Ulikuwa unanitafutia alto. Kila siku, Baba, alto, alto. Ningekuambia nini? Kwamba sauti uliyonichagua kwa ajili yake siisikii tena?” Akaongeza, “Na tena ulitukataza kuongea wakati wa muziki.”

Hajji alicheka kwa mshtuko, akaziba mdomo. Mwalimu hakucheka. Alikuwa amesimama na kichwa chake kimeinama kushoto, macho amefumba, na dukani hapakuwa na cha kusikiliza isipokuwa sabufa na mkewe.

“Usisikitike,” Mama akasema. “Nimeimba alto maisha yangu yote, wewe na wanaume wenzako mko nyuma yangu. Kila mara nilipotaka kuwasikia, unawaambia wapunguze. Sasa Mungu amezichukua zote, ameniachia hiyo moja. Sikuonewa. Mimi sikuolewa na alto.”

Hajji akasema, “Mwalimu, nikufungie ipi?”

Mwalimu akaiweka ile spika nyembamba juu ya kaunta, taratibu, kama anayemlaza mtoto wa mtu. Akaitazama sabufa. Akatazama mataa yake.

“Mataa hayo yanazimika?”

“Hayazimiki, mzee. Ndiyo uzuri wake.”

“Basi yatavaa,” akasema Mwalimu.

Mara ya mwisho niliyokaa nao vizuri, kabla binti hajaja kuwachukua, ilikuwa Jumapili ya mvua. Niliona madirisha yangu yanatetemeka nikiwa ndani kwangu, nikajua saa kumi na mbili imefika. Nilipita kwenye kipenyo cha minyaa nikaingia. Sabufa ilikuwa juu ya stuli katikati ya viti viwili, inashika simu ya Mwalimu bila waya. Mataa yake yalikuwa yamevalishwa kitambaa kipya cha uzi mweupe, lakini rangi zilipenya kwenye matundu na kuzunguka ukutani juu ya picha ya Familia Takatifu, nyekundu, kijani, buluu. Mdomo wenyewe wa spika ulikuwa wazi. Kitambaa kilikuwa kimekatwa pale kwa uangalifu na kushonwa pindo la mviringo.

Mama Mwalimu alikuwa kwenye kiti cha kushoto, anafuma. Alinipungia mkono. Nilimpungia na mimi, nikakaa kwenye mkeka.

“Karibu kwenye dansi, Katekista,” Mwalimu akasema. “Usimwambie Paroko.”

Ilikuwa kwaya ya mbali, lugha siijui, sauti nne. Soprano walipanda huko juu, wazuri sana, na niliona Mama Mwalimu hawafuati, sindano inaenda kwa mwendo wake. Alto wakaingia. Mwalimu akainamisha kichwa kushoto, peke yake, akawasikiliza alto kwa niaba ya watu wawili. Kisha akainuka. Akaenda kwenye sabufa na mkono wa kushoto, ule ule wa kuwashusha wanaume, nami nikajua tabia ya miaka haiachi mtu, anakwenda kupunguza.

Akashika kile kitufe cha mviringo, akakizungusha upande wa pili.

Besi wakaja. Vikombe vilisogea kabatini. Mama Mwalimu akaacha sindano, akafumba macho. Mwalimu alibaki amesimama pale pale, mgongo kwangu, na polepole, kwanza kama mtu anayesafisha koo, akaanza kuimba nao. Hakujua maneno. Aliimba hmm, ile hmm ya mstari wa nyuma, lakini safari hii hakuigawa kidogo kidogo. Aliitoa yote. Niliisikia kwenye mkeka, chini ya miguu yangu, kabla ya kuisikia masikioni. Mkewe hakuwa akiangalia sabufa. Alikuwa amefumbua macho, anamwangalia yeye kifuani.

Harufu ikanijia kutoka jikoni.

“Mwalimu,” nikasema, “maharage.”

Nikasema tena kwa nguvu, “Mama Mwalimu, maharage yanaungua!”

Huyo hakunisikia. Mwalimu alinisikia, najua alinisikia, masikio yale hayakupitwa na kitu. Alinyanyua kiganja, akakishusha taratibu kuelekea sakafuni, kwangu mimi, na akaendelea kuimba.

Nikapunguza. Tulikula maharage yaliyoungua usiku ule, watatu, na kabla ya kula niliyaombea baraka kama kawaida, sala ndefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilikuwa na mengi ya kushukuru.